Nani Alimzaa Muuzbeki?

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kijana mmoja wa Bukhara aliyekuwa akisoma Istanbul aliandika kitabu kidogo cha mabishano. Mudarisi wa Bukhara, akiwa safarini kwenda kuhiji, anakutana na Mzungu huko India, na wawili hao wanajibizana juu ya elimu, dini na sababu za Waislamu kubaki nyuma. Mudarisi anazidiwa. Mwandishi alikuwa Abdurauf Fitrat, na alikiandika kitabu kwa Kifarsi, lugha ya masomo na ya mitaa ya mji wake. Miaka michache baadaye Fitrat huyohuyo alisimama mstari wa mbele kati ya watu waliotaka Kifarsi kipishe na Kituruki kishike ofisi na shule. Tarehe 4 Oktoba 1938 dola ya Kisovieti ilimpiga risasi mjini Tashkent. Leo Uzbekistan inamhesabu kuwa mmoja wa waasisi wa taifa, na mtu anayesoma fasihi ya Kitajiki ya zama mpya hawezi kumruka.

Nimeazima njia yake. Sauti nne zitakazosikika hapa nimezitunga, ila hoja zao sikuzitunga. Nimewaketisha kwenye choyxona, mkahawa wa chai wa Tashkent, juu ya jukwaa la mbao lenye magodoro, buli la rangi ya samawati lenye michoro ya pamba nyeupe katikati yao. Yupo DOMLA, maana ndivyo mwalimu anavyoitwa kule, mzee aliyefundisha historia maisha yake yote. Yupo OPA, dada mkubwa wa kila mtu, mwalimu wa muziki kutoka Samarkand. Yupo KIJANA, mwandishi wa programu za kompyuta, mzaliwa wa Tashkent. Na yupo MGENI kutoka Nukus, ambaye kwa muda mrefu anasikiliza tu. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Domla, leo nimepita uwanjani kwa Amir Temur. Watalii wamejaa, kila mmoja na simu yake. Nikajiuliza, huyu bwana tumemweka pale kwa haki gani? Temur alikuwa wa ukoo wa Barlas, watu wa asili ya Kimongolia waliogeuka Waturuki. Hakuwahi kujiita Muuzbeki. Wauzbeki wa enzi zile walikuwa wafugaji wa nyika za kaskazini, na Temur alikwenda huko kupigana na Toqtamysh, khan wao, mwaka 1391 na tena 1395. Karne moja baada ya kifo chake, Muhammad Shaybani Khan anashuka na Wauzbeki wake, na kufikia 1501 amemtoa Babur Samarkand. Babur ni damu ya Temur kabisa. Anakimbilia Kabul, anahangaika, na mwaka 1526 anaanzisha dola ya Mughal India kwa sababu kwao pamemshinda. Sasa sisi tunaobeba jina la waliomfukuza, tumempandisha babu wa aliyefukuzwa juu ya farasi wa shaba katikati ya mji mkuu. Hakuchekeshi?

DOMLA: Kunamchekesha anayedhani taifa ni ukoo wa mfalme. Waliofukuzwa walikuwa watawala, mwanangu. Mfinyanzi wa Samarkand hakufukuzwa. Mkulima wa Zarafshan alibaki na mfereji wake. Wauzbeki walioshuka kutoka nyikani walioa humu, wakalima humu, wakazikwa humu. Shaybani mwenyewe alitunga mashairi kwa Kichagatai, lugha ileile aliyoiandikia Babur kumbukumbu zake. Wewe unaniuliza babu yangu ni yupi kati ya wale wawili, aliyefukuza au aliyefukuzwa. Nani kakwambia lazima nichague?

KIJANA: Aliyechagua ni serikali. Uwanja ule ule umekaliwa na Jenerali Kaufman wa Tsar, ukakaliwa na Stalin, ukakaliwa na kichwa kikubwa cha Karl Marx. Mwaka 1993 Rais Karimov akamleta Temur. Kila mwenye nguvu ameweka mtu wake pale pale, chini ya miti ile ile. Na wakamwandikia chini kwamba nguvu iko katika haki. Kawaulize watu wa Isfahan wa mwaka 1387 kuhusu haki ya Temur. Wanahistoria wa Kifarsi wameacha habari za minara ya mafuvu.

DOMLA: Hilo silikani, na mtu asinitafutie udhuru wa kulikana. Ila na wewe sikiliza. Nilikuwa mwanafunzi mwaka 1968 Ibrohim Moʻminov alipotoa kijitabu akisema Temur ana mahali pake katika historia yetu. Moʻminov hakuwa mpinzani. Alikuwa mwanafalsafa mkubwa wa Chuo cha Sayansi, Mkomunisti kamili. Walimshambulia. Ilikuwa ruhusa kwa Mrusi kuwa na Ivan wa Kutisha na Petro Mkuu, sisi tuwe na wakulima waliodhulumiwa tu. Ukimnyima mtu wafalme wake kwa miaka sabini, siku ya kwanza ya uhuru atamkimbilia mfalme mwenye upanga mrefu kuliko wote. Ulitaka tumweke nani, Ulugʻbek na darubini?

OPA: Mimi ningemtaka Ulugʻbek. Na hakuwa na darubini, Domla; alipojenga kituo chake cha kutazama nyota pale kwetu, darubini ilikuwa bado haijavumbuliwa kwa karibu miaka mia mbili.

DOMLA: Haya, umenipata.

Niingie kidogo. Kila mwongozaji watalii wa Samarkand atakusimulia kwamba kaburi la Temur lilifunguliwa Juni 1941 na Mikhail Gerasimov, na siku chache baadaye Hitler akaivamia Urusi, kwa hiyo lilikuwa na laana. Hadithi hiyo inauzika, basi imeuzwa. Kwangu mimi kinachovutia ni kitu kingine: dola iliyomfundisha mtoto wa shule kumdharau Temur ilituma wataalamu wake wakapime mguu wake wenye kilema, na Gerasimov akamfinyangia uso kutoka kwenye fuvu. Uso huo una sura ya Kimongolia waziwazi. Katika sanamu za baada ya uhuru sura hiyo imelainishwa.

Kuhusu jina, wengi hulinasibisha na Özbeg Khan, mtawala wa Golden Horde kati ya 1313 na 1341, ambaye chini yake Uislamu ulishika mizizi nyikani. Msomaji wa pwani yetu ana njia ya mkato ya kumfikia. Ibn Battuta, yuleyule aliyelala Mombasa na kusifu Kilwa mnamo 1331, miaka michache baadaye aliingia kwenye kambi ya Özbeg Khan, akastaajabia heshima waliyopewa wanawake wa khan, kisha akashika njia ya Khwarezm hadi Bukhara. Bukhara aliikuta bado haijainuka kutoka kwenye pigo la Genghis Khan la zaidi ya miaka mia moja nyuma. Na Bukhara hatuhitaji kutambulishwa: Imam Bukhari, ambaye Sahihi yake inasomwa misikitini kwetu kila Ramadhani, alizaliwa huko mwaka 810. Hakuwa Muuzbeki, wala Mtajiki, kwa maana ya leo ya maneno hayo. Hakuna aliyekuwa.

KIJANA: Mwandishi kamalizia hoja yangu. Hakuna aliyekuwa. Taifa hili lilichorwa mwaka 1924. Tarehe 27 Oktoba, maeneo yaliyokuwa Turkestan ya Tsar, emireti ya Bukhara na ardhi ya khan wa Khiva yakavunjwa, yakakatwa upya, na asubuhi yake tukaamka Wauzbeki. Kabla ya hapo ungemuuliza babu wa babu yangu yeye ni nani, angekujibu: Mwislamu, mtu wa Tashkent. Ungemsukuma zaidi, angesema Sart.

DOMLA: Angesema Sart, naam. Sensa ya Tsar ya 1897 iliwahesabu Wasart peke yao, Wauzbeki peke yao, Watajiki peke yao. Sart alikuwa mtu wa mjini na wa shamba la umwagiliaji, Muuzbeki alikuwa bado mwenye kabila na mifugo. Miaka thelathini baadaye Wasart hawapo tena kwenye karatasi. Hawakufa. Wameandikwa Wauzbeki.

KIJANA: Na Moscow.

DOMLA: Hapo ndipo ninapokataa, na nitakataa hadi naingia kaburini. Unadhani Moscow ilikaa na rula ikaota Uzbekistan? Moscow ilikuwa na kalamu, ndiyo. Lakini walioitaka ramani hiyo ni watu wa hapa. Behbudiy alikuwa anafungua shule mpya Samarkand na kuandika mchezo wa kuigiza juu ya mtoto asiyesomeshwa anayeshiriki mauaji ya baba yake wakati Lenin bado yuko uhamishoni. Behbudiy akauawa na watu wa emir wa Bukhara mwaka 1919. Fitrat na wenzake walianzisha Tashkent kundi la Kichagatai kwa ajili ya lugha na fasihi, na katika kichwa chao urithi wa Temur na wa mshairi Navoiy ulikuwa ndio msingi wa taifa. Fayzulla Xoʻjayev, mtoto wa tajiri wa Bukhara, ndiye aliyelipeleka wazo la Uzbekistan kubwa mbele ya Wabolsheviki na kulipigania. Abdulla Qodiriy akatupa riwaya yetu ya kwanza, na vijana wa Tashkent wakaisoma hadi kurasa zikachakaa. Choʻlpon akatupa ushairi mpya. Sasa hesabu: Fitrat, Qodiriy, Choʻlpon, siku moja, Oktoba 1938. Xoʻjayev mwaka huo huo, baada ya kesi ya Moscow pamoja na Bukharin. Kama taifa hili lilikuwa kiini macho cha Moscow, kwa nini Moscow ilihitaji kuwaua waliolitunga?

KIJANA: Kwa sababu kiini macho kilianza kujiamini.

DOMLA: Basi si kiini macho tena.

Nakubaliana na Domla hapa, na sikubaliani naye kwa adabu tu. Kusema kwamba mataifa ya Asia ya Kati yalitungwa na Stalin ni usemi mwepesi ambao watu wa mbali wanaupenda, kwa sababu unawaondolea kazi ya kujifunza majina ya akina Behbudiy. Wapenda maendeleo hao, waliojulikana kama Wajadidi, walikuwa wakibishana juu ya taifa lao magazetini kabla ya mapinduzi, kwa Kituruki na kwa Kifarsi. Wabolsheviki waliwakuta na hoja yao mkononi. Tatizo ni kile ambacho hoja hiyo ilikiacha nje ya mlango, na nadhani Opa ameshavumilia vya kutosha.

OPA: Nimevumilia. Domla, wewe unasema "sisi ni wote", waliokuja na waliokuwepo. Maneno matamu. Sasa nikupe hesabu za mji wangu. Sensa ya 1920 iliikuta Samarkand na Watajiki zaidi ya 44,000 na Wauzbeki kama 3,300. Sensa ya 1926 iliikuta na Watajiki kama 10,700 na Wauzbeki kama 43,300. Miaka sita! Hakukuwa na tetemeko, hakukuwa na tauni. Watu walilala Watajiki wakaamka Wauzbeki, na mkate walionunua asubuhi waliununua kwa lugha ileile ya jana. Kwetu wanasimulia juu ya ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja kaandikwa hivi, mwingine vile, kwa kuwa mmoja alikuwa nyumbani karani alipopita na mwingine alikuwa sokoni. Aliyeshikilia Utajiki aliambiwa njia ya milimani iko wazi, kwenu ni Dushanbe. Babu yangu hakuwahi kuiona Dushanbe. Ilikuwa kijiji chenye soko la Jumatatu.

DOMLA: Wengi walijiandika wenyewe, Opa. Waliona upepo unavuma wapi. Na ukumbuke kwamba miongoni mwa waliosukuma jambo hilo walikuwa wasema Kitajiki kama wewe. Fitrat. Xoʻjayev. Walikulia Bukhara.

OPA: Najua, na ndiyo inayonikereketa. Kama angekuwa Mrusi ningemlaumu Mrusi nikalala. Watu waliokulia ndani ya Kifarsi waliona aibu nacho. Walisema sisi ni Waturuki tuliosahau. Mwaka 1929 Tajikistan ikatolewa ndani ya Uzbekistan, ikapewa Khujand, na Samarkand na Bukhara zikabaki huku. Halafu tangu 1932 zikaja pasipoti zenye mstari wa taifa, na mstari ule ni mmoja. Mmoja tu. Kabla ya hapo mtu wa Samarkand alikuwa anaingia dukani na Kitajiki, anatoka msikitini na Kiuzbeki, na harusini anaimba vyote viwili. Hakuna aliyemuuliza ni kipi cha kweli.

KIJANA: Kwa haki, Opa, hata Kiuzbeki chetu cha Tashkent kimelala kitanda kimoja na Kifarsi. Lugha za Kituruki zina ule mpangilio wa irabu kufuatana ndani ya neno. Mkazakhi anao, Mturuki wa Istanbul anao. Sisi tumeupoteza kwa kuishi na nyinyi. Na lugha hii iliyopotoshwa ndiyo tuliyoifanya lugha sanifu.

OPA: Iliyopotoshwa! Hebu msikie. Iliyooa.

DOMLA: Navoiy aliliona zamani. Mwaka 1499, mzee tayari, kule Herat, aliandika kitabu cha kuzipambanisha lugha hizi mbili, akatetea kwamba Kituruki kinaweza kubeba fasihi kama Kifarsi au kukishinda. Mtu wa kwanza kusema hivyo kwa ujasiri ule.

OPA: Na mtu yuleyule aliandika diwani nzima kwa Kifarsi, akatia sahihi kwa jina la Foniy. Kwa hiyo hata mwanasheria wa Kituruki alikuwa na mteja wa pili. Mmempa jina la kituo cha metro, la ukumbi wa opera, la maktaba ya taifa, la mkoa mzima. Foniy mmempa nini?

Hapa osh inaletwa, na mabishano yanapoa kama yanavyopoa popote pilau inapofika. Wali umepikwa kwa mafuta mengi, nyama ya kondoo, karoti za njano zilizokatwa vipande vyembamba, na bizari nyembamba ambayo Mswahili yeyote angeitambua kwa pua. Opa anaidharau. Kwao Samarkand, anasema, wali, karoti na nyama havivurugwi. Vinapakuliwa tabaka juu ya tabaka. Tashkent wanachanganya kila kitu. Lakini hata sahani hii ina faili lake: mwaka 2016 UNESCO iliandikisha pilau ya Uzbekistan na pilau ya Tajikistan katika orodha yake ya urithi, kila nchi na yake, mwaka mmoja, maombi mawili. Kinyume chake Shashmaqom, ule muziki mkubwa wa kasri wa Bukhara wenye maqomu sita, nchi mbili ziliupeleka pamoja, ukatangazwa mwaka 2003.

OPA: Muziki uliwashinda kuugawa, ndiyo maana. Mwaka 1923 Viktor Uspensky, kwa kuombwa na Fitrat, alikaa Bukhara akaandika noti za Shashmaqom kutoka kwa mabingwa waliobaki. Kazi ya dhahabu. Kitabu kikachapishwa, na maneno ya nyimbo hayamo. Kwetu sisi walimu wa muziki sababu inajulikana: maneno mengi yalikuwa ya Kifarsi. Wakachukua sauti wakaacha ulimi. Na ukiingia ndani zaidi unawakuta waimbaji Wayahudi wa Bukhara. Levi Bobokhonov, Levicha wenyewe walivyomwita, alimwimbia emir mwenyewe. Wajukuu wa watu hao leo wako Israel na mtaa wa Queens huko New York, na bado wanaimba. Sasa niambie, Domla, Levicha aandikwe wapi? Mtunza hazina ya muziki wa Kiuzbeki, Myahudi, anaimba Kifarsi.

DOMLA: Aandikwe kwetu.

OPA: Kwa lugha gani?

DOMLA: Unanibana. Nitakujibu kwa mtu mwingine. Wakati wa vita, treni zilileta hapa Tashkent mayatima kutoka Urusi, Ukraine, Belarusi, kila mahali. Mhunzi mmoja, Shaahmad Shomahmudov, na mkewe Bahri Akramova, watu wasio na kitu, walichukua zaidi ya kumi wakawalea kama wao, Mrusi, Myahudi, Mtatari, yeyote. Sanamu yao iko mjini. Huo ndio Uuzbeki ninaoufahamu mimi. Huuliziwi damu, unauliziwa kama una njaa.

KIJANA: Sanamu hiyo, Domla, iliondolewa katikati ya mji mwaka 2008 ikapelekwa pembeni. Imerudishwa baada ya Karimov kufa.

DOMLA: Imerudishwa.

KIJANA: Ninachosema ni kwamba kila kizazi kinahamishiwa samani. Nyumbani kwetu kuna kasha la barua. Mama wa bibi aliandika kwa herufi za Kiarabu. Bibi alisomeshwa Kilatini, maana kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1920. Mama ni wa Kisirili, kilichoingia 1940. Mimi ni wa Kilatini tena, kwa sheria ya 1993, na hadi leo mabango ya madukani yameandikwa nusu hivi na nusu vile. Lugha moja, nyumba moja, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusoma kasha zima. Mkinilazimisha kuchagua jambo moja lililowafanya Wauzbeki kuwa walivyo, nitachagua hilo, kabla ya Temur.

MGENI: Naomba kuuliza.

(Wote wanageuka. Chai yake haijaguswa.)

MGENI: Buli hili lina maua gani?

KIJANA: Si maua, kaka. Pamba. Kila nyumba inalo.

MGENI: Na nembo ya taifa?

KIJANA: Ndege Humo, ngano upande mmoja, upande mwingine pamba.

MGENI: Na timu ya mpira?

KIJANA: Pakhtakor. Mkulima wa pamba. Nimekuelewa, kaka.

MGENI: Mimi natoka kule maji ya hiyo pamba yalikotakiwa kufika. Bahari ya Aral ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Moynoq, na Moynoq leo ina meli za kutu zilizokaa mchangani, maji hayaonekani hata kwa darubini ya Ulugʻbek. Mito ilielekezwa mashambani, Moscow ikataka tani, Tashkent ikaahidi tani, zikikosekana zikaandikwa tu kwenye vitabu. Shule zilifungwa watoto wakavune, na baada ya uhuru wakaendelea kuvuna. Kampuni za nguo za nje ziliisusia pamba yetu hadi 2022 kwa sababu hiyo. Nyinyi mnazungumza Wauzbeki na Watajiki kana kwamba nyumba ina vyumba viwili. Jamhuri ya Karakalpakstan ni zaidi ya theluthi moja ya ardhi ya nchi hii. Lugha yetu iko karibu na Kikazakhi kuliko na yenu. Tulianza chini ya Kazakhstan mwaka 1925, tukapelekwa moja kwa moja chini ya Urusi, na mwaka 1936 tukakabidhiwa kwenu. Katiba ilisema tuna haki ya kujitenga kwa kura ya maoni. Sikuwahi kumsikia jirani yangu akitaka kujitenga. Lakini Juni 2022 ilipotoka rasimu ya katiba mpya na haki hiyo imefutwa, Nukus iliingia barabarani.

DOMLA: Rais mwenyewe alikuja Nukus, vifungu vikaondolewa.

MGENI: Alikuja. Vikaondolewa. Na hesabu ya serikali yenyewe inasema waliokufa ni 21. Domla, nimekusikiliza kwa heshima tangu asubuhi. Umesema sisi ni wote. Nataka kujua tu, katika hao "wote", mimi niliingizwa na nani?

(Domla anamjazia kikombe, nusu tu kama adabu ya kule inavyotaka, kikombe kilichojaa humwambia mgeni aondoke.)

Sitajifanya nina jibu ambalo Domla hakuwa nalo. Lakini nimefikia msimamo wangu, na ni huu: ugomvi wa kama Uuzbeki ni wa kale au wa juzi umepewa nafasi kubwa mno. Ni wa juzi, kama Utajiki, kama Uitaliano, na ulijengwa na watu wa hapohapo walioujengea maisha yao na wengine wakaulipia kwa damu. Hakuna aibu ndani yake. Kilichoumiza ni ule mstari mmoja wa pasipoti. Nchi ambayo watu wake walikuwa na ndimi mbili kwa karne nyingi ililazimishwa kujibu kwa ulimi mmoja, kwanza na watumishi wa Stalin, kisha, kwa hiari yake, na dola huru. Samarkand kuna gazeti la Kitajiki, kuna shule za Kitajiki, kuna mafunzo ya fasihi yake chuo kikuu. Mtu asiseme lugha imepigwa marufuku. Ila lugha inayoruhusiwa na lugha inayohesabiwa ni mambo mawili, na kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya sensa ya Kisovieti ya 1989 nchi huru haikumhesabu mtu hata mmoja kwa sensa kamili.

KIJANA: Hiyo ya sensa ndiyo rahisi kuliko zote. Nipeni fomu. Kumruhusu mtu achague mataifa mawili, au lugha tatu za nyumbani, kwa mwandishi wa programu ni kazi ya kabla ya chakula cha mchana.

OPA: Ningeandika yote mawili. Na lugha ya muziki ningeiongeza pembeni kwa kalamu.

DOMLA: Mnaongea kama watoto. Hesabu ikitoka, gazeti la Dushanbe litaichapa ukurasa wa kwanza, na kesho yake kuna mtu atasema Samarkand irudishwe. Mnakumbuka mipaka ya Tajikistan ilikuwa na mabomu ya kutegwa ardhini hadi juzijuzi? Mnakumbuka Osh mwaka 2010, Wauzbeki walivyochomewa nyumba na kuuawa ndani ya Kyrgyzstan? Mimi nina binamu kule. Kuhesabu watu kwa taifa hapa kwetu hakujawahi kuwa hesabu tu.

KIJANA: Kwa hiyo tunaogopa nini hasa, Domla? Kwamba Watajiki watakuwa wengi, au kwamba watakuwa wachache?

DOMLA: Wengi, kwanza. Na kama unataka ukweli wangu wote, wachache naogopa zaidi. Wakitoka wachache, Opa ataniuliza wale 44,000 wa mji wake walikwenda wapi, na nimefundisha historia miaka arobaini bila kulijibu hilo darasani.

OPA: Nitakuuliza hata wakitoka wengi.